Saratani ya mapafu: Mgonjwa anahitaji jamaa, si hakimu

HABARI zinapoenea mtaani kwamba fulani amepatikana na saratani ya mapafu, swali la kwanza ambalo watu wengi huuliza si kama anapata usingizi, wala kama ana nauli ya kwenda kliniki. Huuliza: "Kwani alikuwa akivuta sigara?"

Swali hilo huenda likaonekana dogo kwako wewe unayeuliza. Lakini kwa mgonjwa, na kwa mkewe au mumewe na watoto wao, ni hukumu. Jibu likiwa ndiyo, watu hutikisa vichwa kana kwamba wanasema, "Basi ameyataka mwenyewe." Jibu likiwa la, hutazamana kwa shaka na kuanza kutafuta sababu nyingine, pengine uchawi au laana. Katika hali zote mbili mgonjwa hutwikwa mzigo wa pili juu ya ule wa ugonjwa.

Humu nchini saratani ya mapafu haimo miongoni mwa zile zinazotajwa sana. Tumezoea kusikia habari za saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio. Lakini ulimwenguni kote hakuna saratani inayoua watu wengi kama hii. Kulingana na hesabu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, watu wapatao milioni 2.5 walipatikana nayo mwaka wa 2022, na wengine wapatao milioni 1.8 walikufa kutokana nayo mwaka huo.

Kwa kuwa haizungumzwi sana hapa kwetu, familia inayopatwa nayo aghalabu hukosa jirani wa kuuliza. Makala haya ni kwa ajili ya familia hiyo, na pia kwa ajili yako wewe uliye rafiki au mfanyakazi mwenzake mgonjwa. Jambo moja tungependa ulishike: msaada wa jamaa si kitu cha kungojewa mpaka dawa zishindwe. Ni sehemu ya matibabu, na huanza siku ile ile ugonjwa unapojulikana.

LAWAMA HAZIPONYI

Ni kweli kwamba sigara ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu. Jambo hili si geni. Mwaka wa 1950 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao yaliyoonyesha uhusiano mkubwa baina ya uvutaji sigara na ugonjwa huu. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, linasema kwamba takriban visa 85 kati ya kila 100 vinatokana na uvutaji.

Lakini hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwamba wapo wagonjwa wengine ambao hawajawahi kushika sigara. Baadhi yao wameishi miaka mingi na mtu anayevuta ndani ya nyumba. Wengine wamefanya kazi penye vumbi la asbestosi. Mwaka wa 2012 moshi wa injini za dizeli ulitangazwa rasmi kuwa unasababisha saratani, na mwaka uliofuata hewa chafu ya nje, ile ambayo wakazi wa miji huvuta kila siku, ikatangazwa hivyo pia. Moshi wa kuni katika jikoni zisizopitisha hewa nao unashukiwa. Na wako wagonjwa ambao chanzo chao hakijulikani kamwe.

Sasa tuseme kwamba mgonjwa wako alikuwa mvutaji. Je, kumlaumu kutamsaidia? Huenda alianza akiwa kijana wa shule, akinunua sigara moja moja kwenye kioski, kabla hajajua kwamba nikotini humteka mtu kama mateka. Huenda alijaribu kuacha mara tatu au nne akashindwa. Anayajua makosa yake kuliko unavyoyajua wewe, na usiku asipopata usingizi huyahesabu. Hahitaji kukumbushwa.

Lipo jambo la maana zaidi la kumwambia. Hata baada ya saratani kupatikana, kuacha sigara kuna faida. Matibabu hufanya kazi vizuri zaidi, vidonda vya upasuaji hupona upesi, na pumzi huwa na nafuu. Kwa hivyo usimwambie, "Kwa nini hukuacha?" Mwambie, "Tuache pamoja." Ikiwa wewe mwenyewe ni mvutaji, zima sigara yako leo. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko chupa ya sharubati utakayompelekea hospitalini.

MIEZI INAYOPOTEA

Familia nyingi hujilaumu pia kwa kuchelewa. "Laiti tungalimpeleka mapema," husema. Ni muhimu ufahamu kwa nini ugonjwa huu huchelewa kugunduliwa.

Dalili zake hufanana sana na za kifua kikuu: kikohozi kisichokwisha, makohozi yenye damu, kukonda, uchovu na maumivu ya kifua. Katika nchi kama yetu ambako kifua kikuu kimeenea, ni jambo la busara kwa daktari kukifikiria kwanza. Taabu hutokea pale mgonjwa anapoendelea kumeza dawa za kifua kikuu kwa miezi mingi bila nafuu yoyote, na hakuna anayeuliza swali la pili.

Usiseme kwamba kila kikohozi ni saratani. La hasha. Vilevile usiache kwenda kupimwa kifua kikuu, ugonjwa unaopona kabisa kwa dawa. Lakini ikiwa jamaa yako ametumia dawa kama alivyoagizwa na bado anakohoa na kukonda, rudi naye hospitalini. Mwulize daktari kwa heshima: "Je, makohozi yalipimwa yakaonekana yana viini? Kama hayana, kuna ugonjwa mwingine tunaoweza kuutafuta?" Picha ya eksirei inaweza kuonyesha uvimbe. Baada ya hapo huenda akahitaji skani ya kifua, na mwishowe kipande kidogo cha uvimbe huo huchukuliwa na kupimwa maabarani. Bila kipimo hicho cha maabara hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni saratani, wala ni ya aina gani.

Kama miezi imekwisha kupotea, usiitumie iliyobaki kutafuta mkosaji. Mgonjwa anakuhitaji leo.

NENDA NA DAFTARI

Siku ya kupewa majibu, mgonjwa asiende peke yake. Mtu akisikia neno saratani, masikio huziba. Daktari anaweza kuzungumza kwa dakika ishirini na mgonjwa asikumbuke hata maneno kumi.

Nunua daftari la kawaida la shule na uliteue kuwa la kazi hii tu. Andika ndani yake tarehe za kliniki, majina ya dawa, majibu ya vipimo na namba za simu. Chagueni mtu mmoja katika familia awe ndiye mwenye kuzungumza na madaktari, kisha awaeleze wengine. Watu watano wakiuliza maswali siku tano tofauti, mtapata majibu matano na ugomvi juu yake.

Haya ndiyo maswali ya kuandika kabla hujaondoka nyumbani:

Kwanza, ni aina gani ya saratani? Iko aina ya chembe ndogo, ambayo huenea kwa kasi, na iko ile nyingine ambayo ndiyo inayowapata wagonjwa wengi, kama 85 kati ya kila 100. Matibabu yao si sawa.

Pili, imefika hatua gani? Ikiwa bado imo mahali pamoja, huenda upasuaji ukafaa. Ikiwa imesambaa mpaka mifupani, kwenye ini au ubongo, kazi ya dawa na miale huwa ni kuizuia na kupunguza mateso.

Tatu, lengo la matibabu haya ni lipi: ni kuponya, kurefusha maisha, au kuondoa maumivu? Swali hili ni gumu kutamka, lakini ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Familia nyingi zimeuza mashamba zikidhani zinanunua uponyaji, ilhali daktari alikuwa akizungumzia nafuu ya muda.

Nne, je, uvimbe unaweza kupimwa jeni? Baadhi ya wagonjwa, hasa wale ambao hawakuvuta sigara, wana saratani inayoweza kutibiwa kwa vidonge maalumu badala ya dawa za mshipani. Si kila mtu zinamfaa, na ni ghali, lakini ni haki yako kuuliza.

Tano, matibabu yatafanyiwa wapi? Zamani karibu kila mgonjwa aliyehitaji miale katika hospitali ya umma alilazimika kusafiri hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Siku hizi viko vituo vya saratani katika hospitali za umma za Mombasa, Nakuru, Garissa na Eldoret, na pia katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Uliza kama kuna kilicho karibu na nyumbani, kwa maana safari ndefu humchosha mgonjwa kuliko hata dawa.

USIMFICHE MWENYE UGONJWA

Katika familia nyingi desturi ni kumficha mgonjwa. Watoto huambiana, "Baba asijue, atakufa kwa mawazo." Basi baba anaambiwa ana vidonda vya mapafu. Lakini baba si mtoto. Anaona watu wakinong'ona ukumbini. Anaona shangazi aliyekuwa hamtembelei sasa amekuja na kuku. Anajua, ila hana wa kumwambia kwamba anajua. Huo ndio upweke mkubwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tumeona pia viongozi wetu wakianza kuvunja kimya hicho. Mwaka wa 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza hadharani kwamba alikuwa na saratani ya tezi dume. Mwaka wa 2019 Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliwaeleza wananchi wazi kuhusu saratani yake kabla haijamuua mwezi wa Julai mwaka huo. Ukweli huo haukuwapunguzia heshima. Uliwaongezea.

Kusema ukweli si kumrushia mtu habari kama jiwe. Anza kwa kumwuliza: "Ungependa daktari akueleze kila kitu, au ungependa tukuelezee kidogo kidogo?" Kisha fuata jibu lake. Akitaka kunyamaza leo, mwache. Akitaka kulia, usimkataze kwa kumwambia ajikaze kiume. Kaa naye tu.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto asipoelezwa hujitungia sababu, na mara nyingi hudhani yeye ndiye aliyeleta ugonjwa kwa utundu wake. Mweleze mambo matatu kwa lugha nyepesi: kwamba mama au baba anaugua ugonjwa unaoitwa saratani, kwamba hauambukizi, kwa hivyo anaweza kumkumbatia na kula naye, na kwamba si kosa lake. Kisha mwambie ni nani atakayempikia na kumpeleka shule siku ambazo mzazi yuko hospitalini. Hilo ndilo linalomnyima mtoto usingizi.

TIBA SHUFAA SI KUKATA TAMAA

Ukimwambia mtu kwamba mgonjwa wake apelekwe kwa wahudumu wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, huenda akakujibu kwa hasira: "Kwani mmemkatia tamaa?" Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Mwaka wa 2010 madaktari wa mji wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya utafiti uliofanyiwa wagonjwa 151 waliokuwa na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu yao walipewa matibabu ya kawaida. Wengine walipewa matibabu hayo hayo, lakini tangu mwanzo wakawa pia wanaonana na wahudumu wa tiba shufaa, waliowatuliza maumivu, wakazungumza nao na kuwasaidia kufanya maamuzi. Kundi hili la pili lilikuwa na maisha yenye raha zaidi na huzuni kidogo. La ajabu ni kwamba liliishi muda mrefu zaidi pia: kwa kipimo cha katikati, miezi 11.6, ilhali wenzao waliishi miezi 8.9.

Utayaona hayo kuwa ni miezi michache. Lakini mwulize mama anayetaka kumwona mwanawe akimaliza mtihani wa darasa lake kama miezi miwili na ushee ni michache.

Huduma hii ipo hapa kwetu. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka wa 1990, na tangu hapo hospisi na vitengo vya tiba shufaa vimefunguliwa katika miji na hospitali nyingi za kaunti. Uliza katika hospitali unakotibiwa. Usingoje mpaka uambiwe kwamba hakuna dawa nyingine.

Wengi huogopa mofini. Husema, "Akianza hiyo atakuwa mraibu," au "Hiyo ni ya wanaokufa." Si kweli. Mofini ya kunywa, ikitumiwa kwa kipimo na saa alizoagiza daktari, hutuliza maumivu makali na pia hupunguza ile hali ya kuhema. Mgonjwa anaweza kuitumia kwa miezi mingi. Shida yake ya kawaida ni kufunga choo, kwa hivyo uliza dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Weka chupa mahali ambapo watoto hawafiki.

PUMZI INAPOKUWA SHIDA

Hakuna kinachoogofya familia kama kumwona mtu wao akitafuta hewa. Ukijua la kufanya, hofu hupungua, na hofu ikipungua pumzi nayo hutulia.

Mketishe wima, au ainamie mezani juu ya mto, mikono ikiwa imelala mbele yake. Fungua dirisha na uwaombe watu waliojaa chumbani watoke. Mpepee usoni, usawa wa pua na mdomo, kwa feni ndogo, pepeo au hata gazeti hili. Imeonekana kwamba upepo usoni hupunguza hali ya kukosa hewa. Mwambie avute pumzi polepole kwa pua, kisha aitoe kwa mdomo kama anayepuliza uji wa moto, bila haraka. Pumua pamoja naye.

Ondoa jiko la makaa chumbani. Asivute mtu yeyote sigara ndani ya nyumba, hata kama ni mgeni mheshimiwa. Panga vitu anavyotumia viwe karibu ili asitembee ovyo: maji, simu, kitambaa, beseni. Mtungi wa oksijeni huwasaidia wale ambao hewa imepungua katika damu yao, lakini si kila anayehema. Mwulize daktari kabla hujatumia fedha kuukodi.

Katika chakula, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Uji uliotiwa maziwa au njugu zilizosagwa, mayai, maharagwe laini, parachichi, supu. Usimnyime chakula kwa sababu umesikia kwamba sukari hulisha saratani. Mgonjwa anayekonda anahitaji nguvu. Wala usimlazimishe. Wakati mwingine ugonjwa wenyewe huondoa hamu, na sahani inayorudi imejaa si dharau kwa mpishi.

Kuhusu miti-shamba, usiitumie kwa siri. Baadhi yake hugongana na dawa za hospitali. Mwonyeshe daktari unachotumia. Na akitokea mtu anayekuahidi kuponya saratani kwa siku arobaini ukilipa kwanza, shika mkoba wako. Maombi nayo hayana vita na dawa. Mhubiri wa kweli hatamwambia mgonjwa atupe vidonge vyake.

Mkimbize hospitalini bila kungoja siku ya kliniki ukiona lolote kati ya haya: anakohoa damu nyingi, uso na shingo vimevimba ghafla, miguu imekosa nguvu au ameshindwa kukojoa, amechanganyikiwa au amepatwa na kifafa, au ana joto la nyuzi 38 au zaidi wakati anapotibiwa kwa dawa za kemikali.

FEDHA ZIZUNGUMZWE MAPEMA

Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ya NHIF iliondolewa, na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Hakikisha kwamba mgonjwa amesajiliwa, amelipa mchango wake, na kwamba wanaomtegemea wameandikwa. Kabla matibabu hayajaanza, nenda kwenye afisi ya bima iliyoko hospitalini uulize: kiasi gani kitalipwa mwaka huu, kwa huduma zipi, na ni kipi tutakachotoa mfukoni? Andika majibu katika lile daftari.

Kisha itisheni kikao cha familia. Wakenya tunajua harambee. Siku hizi hatungoji hata hema lipigwe. Kundi la WhatsApp hufunguliwa jioni na michango huanza kuingia kwa simu. Lakini harambee isiyo na hesabu huvunja undugu. Chagueni mweka hazina ambaye si mtunzaji wa mgonjwa, kwani huyo ana kazi ya kutosha. Toeni hesabu kila wiki. Kusanyeni kwa ajili ya mambo yanayojulikana: vipimo hivi, nauli hii, mshahara wa msaidizi wa nyumbani. Wala msichange zote mwezi wa kwanza na kuishiwa mwezi wa nne. Ugonjwa huu ni safari.

Msiuze shamba wala nyumba kabla hamjapata jibu la lile swali la tatu, kuhusu lengo la matibabu. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka nini. Yupo atakayesema, "Jaribuni kila njia." Yupo atakayesema, "Karo ya watoto isiguswe." Maneno yake yaheshimiwe. Wakati akiwa na nguvu, mpeni nafasi aseme pia kuhusu wosia, hatimiliki na madeni. Hilo si kumtabiria kifo. Ni kumwacha awe mwenye nyumba yake.

ANAYEUGUZA NAYE AHURUMIWE

Katika kila nyumba yenye mgonjwa kuna mtu mmoja ambaye amebeba yote. Mara nyingi ni mke, au binti aliyeacha kazi akarudi nyumbani. Huamka usiku mara nne, hufua mashuka, hupanga foleni hospitalini, na wageni wakija huwapikia chai. Kila mtu humwuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna anayemwuliza, "Na wewe je?"

Ikiwa wewe ndiwe mtu huyo, jua kwamba kuchoka si dhambi. Kuna siku utakasirika, hata na mgonjwa mwenyewe, kisha ujione mbaya. Hilo huwapata watunzaji wengi. Pangeni zamu na ndugu zako, na zamu hizo ziandikwe kwa majina na siku. Aliye mbali anaweza kulipia msaidizi au kushughulikia bima. Pata usiku mmoja wa kulala usingizi kamili kila wiki, na ukiona huzuni imekulemea hadi huli wala hulali, mwambie mhudumu wa tiba shufaa. Kazi yake ni familia nzima, si mgonjwa tu.

Na ikiwa wewe ni rafiki au jirani, acha ile kauli ya "mkihitaji chochote mniambie." Hawatakuambia. Waswahili wana methali: mgonjwa haulizwi uji. Nawe usiulize, peleka. Sema, "Jumanne nina gari, nitawapeleka kliniki." Sema, "Watoto watakula kwangu leo." Mletee mkewe unga na mafuta ya kupikia bila maneno mengi. Ukitembelea, kaa kwa muda mfupi. Ikiwa una mafua, piga simu badala ya kwenda. Zungumza naye kuhusu mpira, siasa na habari za mtaa, kwa maana bado ni mtu, si ugonjwa.

Usimwambie, "Utapona tu," ikiwa hujui. Wala usimsimulie habari za fulani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Ukikosa la kusema, sema hivyo hivyo: "Sina la kusema, lakini niko hapa, na nitarudi Alhamisi." Kisha rudi Alhamisi.

Wapo watakaoishi miaka mingi baada ya saratani ya mapafu, hasa walioipata ikiwa changa. Wapo ambao muda wao utakuwa mfupi licha ya kila juhudi. Hilo la pili likikufika, usijiambie kwamba mlishindwa. Mtu aliyetulizwa maumivu, akaambiwa ukweli, akalala nyumba isiyo na moshi wala lawama, huku watoto wake wakiruhusiwa kupanda kitandani pake, alitunzwa. Na nyinyi mlioachwa mtaweza kuketi pamoja baada ya mazishi bila kutafutana makosa.

Kwa hivyo mara nyingine utakaposikia kwamba fulani ana saratani ya mapafu, usiulize habari za sigara. Uliza siku ya kliniki yake ni ipi, na nani atakayempeleka.